Ndoo, Saa na Chemchemi: Mazingira Kabla ya Kidato cha Kwanza

Wanachuo wengi wasikiapo habari za mazingira katika somo la Bayolojia hudhani kuwa hilo ni jambo la shule za sekondari, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana sehemu yake isipokuwa kuwasimamia watoto wakifagia uwanja na kumwagilia miche. Mimi ni mwalimu wa Bayolojia. Nimelifundisha somo hilo Njombe kwa miaka kadhaa na baadaye Makambako, na katika kurasa hizi napenda kueleza kwa nini naamini kuwa sehemu iliyo ngumu ya kazi hiyo imo mikononi mwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwamba ikipotea huko sisi wa sekondari hatuipati tena ila kwa taabu kubwa.

Kila mwaka, tufikapo kwenye mada hiyo, huanza kwa kuwauliza wanafunzi ni nini kiharibucho mazingira yetu. Majibu huja kama kibwagizo: moshi wa viwanda, moshi wa magari, mafuta yamwagwayo na meli baharini. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka darasani petu. Wakati huohuo, ukitazama dirishani upande wa bondeni, utamwona mkulima akinyunyizia viazi vyake dawa ya ukungu. Akimaliza atalisuuza bomba lake la mgongoni katika kijito, na mita chache tu kwenda chini watu huteka maji ya kunywa katika kijito hichohicho. Mwanafunzi aketiye karibu na dirisha humfahamu mkulima yule kwa jina, na pengine ni mjomba wake. Hamtaji. Mkulima yule hayumo kitabuni, na mtoto amekwisha kufundishwa kuwa mazingira ni orodha ya mambo yaliyomo kitabuni.

Jambo hili lilinidhihirikia zaidi nilipohamia Makambako. Kutoka Njombe hadi huko ni mwendo wa kilomita 60 tu kwa barabara ya lami, lakini kwa mwalimu wa viumbe ni kama nchi mbili. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai sakitu huunguza majani ya viazi. Mvua ni nyingi, na karibu kila bonde lina kijito chake. Makambako ni njiapanda, mahali ambapo barabara ya Songea huachana na ile ya Iringa na Mbeya, na ni kituo cha reli ya TAZARA ambayo ujenzi wake ulikamilika 1975. Mji umekua kwa sababu ya barabara na reli, si kwa sababu ya maji. Mvua yake ni haba, na upepo wake hauna staha: kuanzia Septemba hadi mvua zinapofika, vumbi huingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Mtoto wa Njombe huijua njia iendayo chemchemini. Mtoto wa Makambako huijua bei ya ndoo ya maji, na hujua pia kuwa bei hiyo hupanda mwezi wa Oktoba. Muhtasari wa somo ni ule ule, mtihani ni ule ule, na majibu niliyopewa Makambako juu ya moshi wa viwanda na mafuta ya meli yalikuwa yale yale, neno kwa neno.

Katika majibu hayo yote, lililo imara kuliko mengine ni hili: miti huleta maji. Hapa hakuna mtoto asiyeinua mkono. Nami ningependa kukaa kidogo katika jibu hili, kwa kuwa ndilo lifundishwalo zaidi katika shule za msingi, tena kwa nia njema kabisa.

Huku kwetu, neno "mti" kwa mtoto wa leo maana yake ni mwati, msindano au mlingoti. Mlingoti ndio ule ambao kwingineko nchini huitwa mkaratusi. Hakuna hata mmoja wa hiyo mitatu uliozaliwa Afrika: mwati na mlingoti asili yake ni Australia, na msindano tuupandao ulitoka Meksiko. Miwati ilienea Njombe baada ya 1949, mashamba makubwa yalipoanzishwa ili kupata maganda yatoayo tanini ya kusindikia ngozi. Baadaye wananchi wenyewe walijipandia. Mwaka 1980 kulikuwa na kampeni ya redio na vikundi vya kujisomea iliyoitwa "Misitu ni Mali", iliyofuata nyayo za "Mtu ni Afya" ya 1973 na "Chakula ni Uhai" ya 1975, na katika milima hii maneno hayo yametimia kwa namna ambayo si kila kauli ya kampeni imetimia. Msitu ni mali kweli. Simama kando ya barabara pale Makambako kwa muda wa saa moja, uyahesabu malori ya mbao na ya nguzo za umeme yapitayo. Mabati ya nyumba nyingi za Njombe yametoka katika miti hiyo, na wasomi wetu wengi vilevile.

Sasa katika darasa moja la Kidato cha Pili, tulipokuwa tukizungumza juu ya maji, msichana mmoja aliomba ruhusa ya kusema kwa Kiswahili. Wenzake walicheka, kwa kuwa kanuni ya shule ilikuwa ni Kiingereza. Nilimruhusu. Akasema hivi: "Mwalimu, nilipokuwa darasa la tatu, ndoo ilijaa pale chemchemini kwetu kabla sijamaliza kuikunja kata yangu. Siku hizi nikienda likizo naitega ndoo, naenda kukusanya kuni, na nikirudi haijajaa." Nilimwuliza anadhani sababu ni nini. Akajibu kuwa bibi yake husema ni milingoti iliyopandwa kuizunguka chemchemi, kwamba maji yalianza kupungua ilipopita kimo cha nyumba. Kabla sijasema neno, mvulana mmoja wa kijiji chake akadakia kwa nyuma: "Milingoti yenyewe ni ya baba yake." Msichana hakugeuka. "Ni ya baba," akasema. "Ndiyo iliyoninunulia godoro na sanduku la kujia shule."

Nimefundisha miaka mingi na sikumbuki kimya kama kile. Katika sentensi chache mtoto yule alikuwa ametoa uchunguzi wa miaka mitano, nadharia ya chanzo, ushahidi wa mtu mzima aliyeyaona, na gharama ya kuyatatua. Vitabu vyetu havikuwa na kitu cha namna hiyo. Na yote hayo alikuwa nayo tangu shule ya msingi, lakini hakuna aliyemwambia kuwa ni Bayolojia.

Hapa yafaa niseme wazi sayansi inavyosema, maana suala hili hupotoshwa pande zote mbili. Mti hunyonya maji kwa mizizi, huyapandisha kupitia shina, kisha huyatoa hewani kama mvuke kupitia vitundu vidogo vya majani. Mti wenye majani mwaka mzima, ukuao haraka na wenye mizizi iliyofika penye maji, huendelea kuyatoa hata kiangazi, wakati nyasi zimekauka na kupumzika. Kwa hiyo mti hautengenezi maji, huyatumia. Kati ya 1958 na 1968 watafiti waliyapima maji ya vijito viwili katika milima ya Mbeya, jirani zetu: bonde moja lilikuwa na msitu wa asili, na la pili lilikuwa na mashamba ya wakulima. Kijito kilichotoa maji mengi zaidi kilikuwa kile cha mashamba. Jambo hilo huwashangaza walimu kila ninapolitaja, na wengine hukasirika, wakidhani natetea ukataji wa misitu. Sivyo. Msitu wa asili huushika udongo, huyapokea matone ya mvua kwa upole na kuyapa nafasi ya kuzama ardhini badala ya kuteremka kwa fujo, huyasafisha maji, na ni makao ya viumbe wasiohesabika. Hayo ni mengi na yanatosha kuuhifadhi. Hatuna haja ya kuuongezea sifa ambayo haikupimwa.

Ama mlingoti uliopandwa penye unyevu ni habari nyingine kabisa. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, milingoti ilipandwa 1969 katika bonde dogo lililokuwa la nyasi, na kijito chake kikawa kinapimwa. Katika mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ilipofikia umri wa miaka 16, na bado ikapita miaka mingine mitano kabla kijito hakijarudi kutiririka mwaka mzima. Tena watu wa zamani waliifahamu tabia hii na kuitumia: mjini Kampala, enzi za ukoloni, milingoti ilipandwa mabondeni kusudi ikaushe vinamasi vya mbu. Hivyo mti uliopandwa mahali pamoja ili ukaushe maji umepandwa mahali pengine, kando ya chemchemi, na mara nyingine na watoto wa shule wakiimba, kwa jina la kuyahifadhi maji. Mlingoti wenyewe hauna kosa. Juu ya kilima, mbali na chanzo, ni mti wa faida na huwapunguzia akina mama safari za kuni. Kilichokosewa ni mahali, na mahali ndipo pasipotajwa katika kauli ya "panda miti".

Bibi wa yule msichana hakupata kusoma habari za Mokobulaan. Alikuwa amekaa karibu na chemchemi moja kwa miaka sitini, akaangalia.

Basi mimi na darasa lile tuliamua kupima. Katika bonde lililo chini ya shule palikuwa na chemchemi iliyojengewa bomba fupi, na milingoti ya watu ilikuwa imefika hatua chache tu kutoka kwenye maji. Vifaa vyetu vilikuwa ndoo ya lita 20 na saa ya mkononi. Kila Ijumaa wanafunzi wawili waliitega ndoo, wakahesabu sekunde hadi ilipojaa, wakarudia mara tatu, wakaandika wastani. Tulianza mvua za masika zilipokuwa zikiisha, tukaendelea hadi mvua mpya zilipoanza. Hesabu yake si ya kutisha. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku, ambazo ni ndoo 2,160. Ikijaa kwa sekunde 100, ni ndoo 864. Mwanafunzi aliyekuwa akichukia kugawanya aliniletea hesabu hiyo bila kuagizwa, kwa sababu alitaka kujua kama ndoo hizo zinatosha kaya za kitongoji kile.

Tulifunga pia tawi la mlingoti na tawi la mvengi, kila moja ndani ya mfuko angavu wa mkate. (Tangu 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, nami sipendi kukamatwa na wanafunzi wangu mwenyewe.) Asubuhi mifuko ilikuwa mikavu, adhuhuri ilikuwa na matone ndani. Watoto walitaka kutangaza mara moja ni upi ulio mlevi zaidi. Niliwazuia. Matawi hayakuwa na majani sawa, hewa ndani ya mfuko si hewa ya nje, na tawi moja si mti. Mfuko unathibitisha kuwa maji hutoka katika jani, basi. Chemchemi yetu nayo, kwa kuwa ilipimwa kiangazi kimoja tu, ilithibitisha kuwa maji hupungua kiangazi, jambo ambalo hata kondoo analijua. Ili kuijua sehemu ya milingoti katika kupungua huko, ni lazima kupima miaka mingi, na kupima mvua pia, na kuilinganisha chemchemi hii na nyingine isiyo na milingoti. Miaka mingi ndiyo tusiyokuwa nayo sekondari. Mwanafunzi wetu hukaa miaka minne, na katika hiyo sehemu kubwa huimezwa na mitihani.

Hapa ndipo ninapofika kwenu ninyi wanachuo.

Mtoto yuko kwenu miaka mingi kuliko anayokaa kwetu. Chemchemi aijuayo iko karibu na shule yenu, maana shule ya msingi iko kijijini, nasi mara nyingi humchukua bweni mbali na kwao. Na lililo kubwa kuliko yote, kwenu mtoto hufikiri kwa lugha anayoiweza. Yule msichana alikuwa na fikra kamili, lakini ilimbidi aombe ruhusa ya kuitoa, akachekwa. Wangapi hawaombi? Mtoto akija Kidato cha Kwanza, Bayolojia inamjia kwa Kiingereza, na kwa muda wa mwaka mmoja au miwili nguvu zake zote humalizikia katika kuyakariri majina. Kama hajawahi kubishana kwa Kiswahili juu ya sababu za kupungua kwa maji, hatakuwa na kitu cha kutafsiri. Atayameza maneno mapya bila kitu cha kuyabandika. Aliyekwisha kubishana, nikimpa neno la Kiingereza la mvuke utokao majanini, hulipokea kama mtu apewaye mpini wa jembe alilokwisha kulinunua.

Nimesikia walimu wakisema kuwa watoto wa darasa la nne ni wadogo mno kwa kazi hii. Watoto hao hao ndio waendao kuteka maji, hasa wasichana. Ndio wanaojua kijito kipi hukauka kwanza na njia ipi huteleza. Katika darasa la kawaida ujuzi huo hauna thamani, na mvulana ajuaye orodha ya kitabu humshinda msichana ajuaye chemchemi. Siku ya ndoo mambo hugeuka. Nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa hulitarajia.

Lakini iko hatari moja ambayo vitabu vya mbinu havikuonyeni, nayo ni hatari ya kumfanya mtoto awe mpelelezi wa nyumbani kwao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 huzuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Sheria hiyo ina sababu zake. Hata hivyo, ndani ya mita hizo ndimo vilimo vinyungu, bustani za mabondeni ambazo watu wa Njombe na Iringa wamezilima tangu zamani wakati wa kiangazi, kwa mahindi mabichi, maharage na mboga, shamba la mlimani linapokuwa limekauka. Familia nyingi hupitisha miezi ya njaa kwa kinyungu. Ukisimama mbele ya darasa na kutangaza kuwa alimaye bondeni ni mharibifu, umewatukana mama za nusu ya watoto walioketi mbele yako, na kesho watakujibu kama kitabu kisemavyo, huku mioyo yao imefungwa. Viongozi wanao wajibu wa kusimamia sheria, na watu wazima wanalo baraza la kujadili ni nani ahame na alipwe nini. Mwalimu si mgambo. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa siku baraza likikutana, kijijini pawe na daftari lenye tarakimu.

Ndivyo nilivyomwambia yule msichana aliponiuliza faraghani afanye nini na baba yake. Sikumpa neno la kumwambia mzee. Nilimpa daftari. Likizo iliyofuata alipima, na iliyofuata pia, na baba alipomwuliza anaandika nini pale majini alimwonyesha. Alinisimulia kwamba mzee aliyatazama yale maandishi kitambo, akauliza kama saa ile ni nzima. Miti ilipofikia unene wa nguzo aliivuna yote, kama alivyokuwa amekusudia tangu awali. Visiki vikachipua, maana mlingoti hauishi kwa kukatwa mara moja. Katika safu zilizo karibu na maji mzee aliwaachia watoto wayavunje machipukizi, wakapanda mivengi, ndugu za mzambarau, ambayo wazee wa huku huiita rafiki ya maji. Safu za juu ameziacha zikue tena, na hapana sababu ya kumlaumu. Yuko mtoto mwingine nyuma atakayehitaji godoro. Ndoo bado inachelewa kujaa. Tukikumbuka ile miaka mitano ya Mokobulaan, ni mapema mno kutazamia vinginevyo.

Maji haya hayaishii kijijini, na mtoto wa darasa la tano au la sita yafaa alijue hilo kwa kidole chake mwenyewe juu ya ramani. Mto Ruhudji upitao Njombe huteremka hadi Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Vijito vya milima ya Kipengere, kwa upande mwingine, huteremkia bonde la Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikoma kutiririka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hasa kwa sababu ya maji yatumiwayo mashambani huko Usangu. Ruaha nao, ukipita Mtera na Kidatu, huishia Rufiji. Basi matone mawili ya mvua yaliyoanguka mlimani, moja upande huu na moja upande ule wa mgongo wa kilima, huachana na kupita nchi nzima, yakakutana tena katika Bwawa la Julius Nyerere, ambalo mitambo yake ilianza kuzalisha umeme 2024 na ina uwezo wa megawati 2,115. Watoto hupenda sana safari hii. Mmoja aliniuliza kama taa ya bwenini inawaka kwa maji ya kwao. Nilimwambia kuwa kwa sehemu, ndiyo.

Sasa maneno machache ya utendaji, kwa atakayependa kuanza. Usiende chemchemini na darasa kabla hujakwenda peke yako kumwona mwenyekiti wa kitongoji, na baada yake wazee wa kike watekao hapo. Waulize wao kwanza maji yalikuwaje zamani, uandike majibu yao katika ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari, kwa maneno yao wenyewe, hata kama ni ya Kibena. Pima siku ile ile ya juma na saa ile ile, ikiwezekana asubuhi kabla ya watekaji kufika. Mvua ipime kwa kopo lenye pande zilizonyooka, lililowekwa mahali pa wazi mbali na mti na paa, na rula ya kawaida. Kopo la mdomo mwembamba litakudanganya. Watoto wapime wawili wawili kwa zamu, mmoja akiangalia ndoo na mwingine saa, na majina yao yaandikwe kando ya kila kipimo, kwa kuwa mtu huangalia vizuri zaidi jambo litakalobeba jina lake. Makambako na mahali pengine pasipo na chemchemi, pimeni kina cha maji kisimani kwa kamba yenye mafundo, au andikeni kila juma bei ya ndoo. Bei nayo ni kipimo cha kiangazi.

Daftari liwe lile gumu la kaunta, likae ofisini kwa Mwalimu Mkuu wala si nyumbani kwako, maana walimu huhamishwa na madaftari yao huhama nao. Anayeondoka amkabidhi anayeingia mbele ya watoto. Juma lisilopimwa liachwe wazi, pasiandikwe tarakimu ya kubuni ili kuujaza ukurasa. Na ndoo isibadilishwe. Ikipasuka, nunua nyingine ya ujazo uleule, ijazeni mkiwa darasani kwa chupa ya lita moja mara 20, mtie alama mahali maji yalipofika, kisha mwandike daftarini tarehe ambayo ndoo mpya ilianza kutumika.